Gauni Lisilo na Mgongo

Katika ufundi wangu wote sikuwahi kuchelewesha nguo ya mtu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonijenga. Mafundi wengine wa Johannesburg watakuambia "njoo kesho", na ukija hiyo kesho unakikuta kitambaa kimekunjwa vilevile ulivyokiacha. Mimi hapana. Nilitoka Tabora na darasa la sita na mkasi mmoja, nikaanzia kitongoji cha Alexandra kwenye kibanda ambacho mvua ikinyesha nilikuwa nashona nikiwa nimesimama ili maji yapite chini. Mwaka ule wa fujo za kutufukuza wageni, watu walipokuwa wanakimbia na magodoro, mimi nilikimbia na cherehani kichwani. Godoro utanunua. Mkono wa cherehani uliyoizoea hauuzwi dukani.

Leo nina chumba changu cha mbele hapa mtaa wa La Rochelle, cherehani tatu, na kioo ambacho mtu akisimama anajiona mpaka viatu. Nimewavisha wachungaji wa Kikongo, nimewavisha mabwana wa benki wa Kikenya, nimemvisha bwana harusi aliyekuja na suruali iliyochanika saa mbili kabla ya kanisa. Waulize.

Kazi iliyonitoa kimaisha, hata hivyo, ni ya watu usioweza kuwauliza. Nilikuwa nawashonea marehemu. Kampuni moja ya mazishi, si mbali na hapa, iliona kazi yangu ikanipa oda. Wengi hawajui nguo ya marehemu inavyoshonwa, basi nitakuambia. Mbele unashona kila kitu: kola, mifuko, vifungo, pindo. Mgongo unaupasua kuanzia shingoni mpaka chini. Mwili uliolala siku nne haukunji mkono ukauingiza kwenye koti. Wale vijana wa mochwari wanaitandaza nguo juu yake, wanaingiza pembeni pembeni, basi. Anayekuja kuaga anaona suti safi. Mgongo wake ni kitambaa kilichoachana na kamba mbili za kufungia.

Mke wangu alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, mtu wa maneno machache na macho mengi. Aliniita Fundi, hata mbele ya wageni. Siku ya kwanza alipoziona zile suti zimetundikwa ukutani alizizunguka, akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema, "Fundi, hawa ndio wateja wako wa kweli. Hawarudi kulalamika."

Nikamjibu, "Wateja wangu wote hawalalamiki."

Akanitazama kidogo, akarudi jikoni. Wakati ule sikuona kilichonipita.

Alikufa mwaka 2016. Ni figo zilizomsumbua, na miezi ya mwisho alilazwa chumba cha ndani, kile kinachopakana na hiki cha mbele. Binti yetu alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, kule Braamfontein. Ni wa pekee, tulimzalia hapahapa mjini, na kama watoto wote wa hapa Kiswahili anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza. Kila mchana alikuja akakaa na mama yake mlango umefungwa. Mimi nilikuwa huku mbele na wageni waliokuja kumwona mgonjwa, nawaeleza nilivyompata daktari mzuri, nilivyomwambia yule daktari kwamba mimi si mtu wa kuzungushwa.

Kuna siku moja, nakumbuka ilikuwa siku ya jua kali, tukasikia kicheko kinatoka chumba cha ndani. Si kicheko cha adabu. Mke wangu alicheka mpaka akaanza kukohoa, na binti naye anacheka, na wakitaka kunyamaza mmoja anamwanzisha mwenzake. Nikawaambia wageni, "Mnasikia? Anapona. Mimi nilisema." Nikaenda nikafungua mlango nicheke nao. Wakanyamaza wote wawili. Mke wangu akajifuta machozi na ncha ya shuka, akasema, "Hakuna kitu, Fundi. Mambo ya wanawake."

Nikafunga mlango nikiwa mtu mwenye furaha. Baada ya wiki mbili alikufa.

Gauni lake nilishona mwenyewe. Nilikataa msaada. Lilikuwa la rangi ya maziwa, mikono mirefu, shingo na vifundo vya mikono nimevitia lesi kwa mkono, mshono mdogo ambao hata ukiweka miwani huuoni. Lilipokwisha likabaki lile la mwisho, mgongo. Sikuweza kulishika gauni na kulikata peke yangu, mkono ulinikataa. Nikamwita binti. Akalishika mabegani, mimi nikalipasua kutoka shingoni mpaka chini. Macho yake yaliufuata mkasi. Nikamwambia, "Hakuna atakayeona."

Kwenye ukumbi wa kanisa la Wakongo, pale Rosettenville, watu walijaa. Kina mama walivaa kitenge kimoja kama ilivyo desturi yao, na ushonaji wote ulipita mikononi mwangu, wote ukatoka kwa wakati. Ilipofika zamu ya neno la familia nikasimama kando ya jeneza. Nikasema. Nilisema nilivyokuja na mkasi mmoja, nilivyomkuta huyu mwanamke, nilivyomjengea. Kisha nikasema, "Mnaliona gauni hili? Nimelishona mimi. Tazameni lesi hiyo. Hakuna mwanamke wa Johannesburg aliyelala na vazi kama hili."

Binti yangu alisimama upande wa pili wa jeneza, macho kwa mama yake. Akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Mradi Mama asigeuke."

Kina mama wa kitenge wakatazamana. Kisha shemeji yangu, mdogo wake marehemu, msusi wa nywele, mwanamke aliyekuwa analia tangu asubuhi, akatoa kicheko puani. Akajiziba mdomo na kitenge, mabega yanamtikisika.

Nilimwona kila mtu ananiangalia. Nikamwambia binti, "Toka."

"Papa..."

"Toka nje. Usirudi mpaka ujifunze kulia."

Alitoka. Makaburini nilimwona kwa mbali, amesimama karibu na geti, na tulipomaliza kufukia hakuwapo. Alichukua nguo zake nikiwa kazini, akahamia huko Braamfontein na wanafunzi wenzake. Sikumpigia. Hakunipigia.

Sitaki kusema ile miaka miwili na nusu ilikuwaje. Nilishona. Nilipata cherehani ya tatu ndani ya miaka hiyo. Nilipika mwenyewe, na napika vizuri kuliko wengi, lakini nilikuwa napika chakula cha watu watatu kwa sababu mkono ulizoea sufuria ile, na nilikuwa nakula kile kile siku tatu. Wateja wakiniuliza habari za binti nilisema, "Yuko chuo kikuu, yule hana muda." Wakasema, hongera, Fundi. Nikasema asante. Nyumba ikiwa na mtu mmoja hata redio unaona kama inaongea na mwingine.

Kisha shemeji akaja siku moja mwisho wa 2018, ameshika karatasi zilizobanwa kwenye jalada la plastiki. Akazitupa juu ya meza yangu ya kukatia.

"Shemeji, mtoto wako ameandika. Walimu wamempa alama ya juu kabisa."

"Ameandika nini?"

"Mambo ya vitabu vya Amerika. Mimi Kiingereza changu ni cha saluni, nilisoma nikachoka. Lakini jina lako halimo. Gauni lako ndilo limo."

"Gauni gani?"

"Uliza wanaojua kusoma." Akafika mlangoni akageuka. "Wewe unashona watu wote, shemeji. Ungejishona na mdomo."

Kiingereza changu kinanitosha kuuza, kununua na kugombana kwenye robot, hizi taa za barabarani. Cha kwenye karatasi zile hakikunitosha. Jumapili mchana, duka limefungwa, nilikaa nazo na kamusi ya shule. Neno la kwanza kwenye jina la andiko nililijua, nyeusi. La pili kamusi ikasema: ucheshi, mzaha. Mzaha mweusi. Nikakasirika, nikadhani ni sisi Waafrika tunasemwa. Jumapili nne nilizimaliza kwenye ukurasa mmoja. Nikaona nitakufa kabla sijalifikia gauni.

Nina mteja Mkenya, mwalimu wa chuo hichohicho, anafundisha mambo ya udongo na maji. Alikuja kupunguziwa suruali. Nikamwekea zile karatasi mbele, nikamwambia ni za mteja mmoja, nataka kujua zinahusu nini nikimpelekea nguo nipate la kuongea naye.

"Fundi, hii kitu ni ndefu," akasema.

"Na suruali yako nayo nitaishona polepole."

Akacheka, akavuta kiti. Mimi nikakaa kwenye cherehani, yeye anasoma kimoyomoyo kisha ananieleza.

Alisema anayeandika hapa anahoji kwa nini waandishi wa riwaya wa Amerika, hawa wa siku hizi, wanapofika mahali pa kifo au vita au ugonjwa, wanaleta mzaha. Kuna kitabu, akasema, ambamo babu anakufa katikati ya sherehe yake ya kuzaliwa, na familia inabishana kwa heshima kabisa kama keki ikatwe kabla ya kumwita daktari au baada, kwa sababu mishumaa imeshawashwa. Kingine, mwanamume nyumba yake inaungua, amepiga simu kwa watu wa bima, na mashine inamwambia asikate simu, yeye ni mteja wa maana sana kwao. Anangoja kwenye simu. Moto umefika kwenye mapazia, bado anangoja, na anaimba pamoja na muziki wa kwenye simu.

Nikaacha kukanyaga cherehani. "Na mwandishi anacheka?"

"Hapana, ndiyo siri yenyewe, anasema huyu. Mwandishi hacheki hata kidogo. Anaongea kama karani anayejaza fomu. Anakupa rangi ya keki, anakupa jina la wimbo kwenye simu, vitu vidogo vidogo, hakwambii lia wala cheka. Unacheka mwenyewe. Halafu unashtuka, unajiuliza, nimecheka nini mimi?"

"Mwalimu," nikamwambia, "Wamarekani wametuibia. Hiyo tunayo. Ni utani wa msibani."

Nikamweleza. Kwetu Unyamwezini mtu akifa watani wanakuja, na hakuna anayewafukuza. Mtani anavaa kanzu ya marehemu anatembea kama alivyokuwa anatembea. Anaingia kaburini analala, anasema hatoki, pamekuwa pake. Anamwambia mjane, sasa utapumzika na ule mkoromo. Na mjane, wallahi, mjane anacheka, huku machozi yanatoka. Mtu aliyezikwa bila watani amezikwa kama mzigo.

Mwalimu alifurahi sana, akasema hilo lingefaa liingie kwenye andiko. Kisha akafikiri. "Lakini kuna tofauti, Fundi. Kwenu mtani anajulikana. Amepewa ruhusa kabla hajazaliwa, na mnacheka kikundi. Huyu anasema hapa..." akafungua kurasa, "anasema hawa wa kwenye riwaya hawana wa kuwapa ruhusa. Wanajipa wenyewe. Na msomaji anacheka peke yake, chumbani kwake, hakuna mtu wa kumtazama aone kama naye anacheka."

Nikakumbuka ukumbi ule. Wakongo wale hawakuwa watani zangu. Ndugu zangu wa Tabora hata mmoja hakuwapo. Nilimzika mke wangu na watu wengi, mtani hakuwapo, na mimi mwenyewe niliyekulia kwenye mambo hayo sikuutambua utani ulipokuja. Niliona aibu tu. Niliona mgongo wa gauni umetangazwa.

Mwalimu akaendelea kusoma, akafungua ukurasa mwingine. Akarudi mstari wa juu. Akavua miwani.

"Mzee." Siku zote ananiita Fundi. "Huyu aliyeandika ni binti yako?"

Nikamwambia, "Soma."

Akasoma polepole, anageuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Binti yangu ameandika kwamba somo hili hakulianzia chuoni. Ameandika kwamba mama yake, akiwa kitandani na anajua kabisa haponi, alimwambia hivi: Baba yako atanishonea gauni zuri. Atalikata mgongo. Kisha atasimama mbele ya watu kulisifu. Akifika hapo, mwanangu, unikumbushe nisigeuke. "Tulicheka mpaka pumzi zikamwishia," ameandika. "Baba alikuwa chumba cha pili, akiwaambia wageni kwamba Mama anapona. Nilimwahidi Mama nitasema, na nilisema. Ni mzaha wake. Mimi niliubeba tu."

Mwalimu akaweka karatasi chini. Suruali yake ilikuwa bado chini ya sindano, nusu. Aliondoka bila suruali, akasema atapita siku nyingine, wala hakuna haraka.

Nikabaki pale. Siku ile ya jua kali niliirudia yote: kicheko, kikohozi, mlango, shuka. Mke wangu alijua nitakachosema kabla sijakisema. Alijua mpaka lesi. Alikuwa na mzaha kuhusu kifo chake, mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na katika nyumba nzima mtu asiyeweza kuambiwa alikuwa mimi. Kwa sababu ningemjibu nini? Ningemwambia, utapona, mimi nimempata daktari mzuri. Ningemwachia ale peke yake hofu ile, nami niko mbele naongea. Na akaona afadhali amwambie mtoto.

Na mtoto alisimama mbele ya watu wote akatimiza neno la mama yake, nami nikamfukuza.

Simu niliishika mara nyingi. Mimi ambaye sikosi maneno, nilikosa. Shemeji ndiye aliyeniambia kwamba mwezi wa nne 2019 binti anavalishwa joho la kuhitimu. Nikasema nitamshonea gauni la kuvaa ndani. Akauliza vipimo nitavipata wapi, nami nikasema fundi wa kweli anapima kwa macho. Akaniuliza hayo macho yalimwona lini. Kisha akasema kwa upole, "Amekuwa kama mama yake sasa." Nikafungua daftari, nikakata kwa vipimo vya mama yake.

Siku yenyewe sikuwa na kadi ya kuingia ukumbini. Nilisimama nje Braamfontein, karibu na kituo cha mabasi, nimevaa suti yangu ya kijivu, gauni liko kwenye mfuko mkononi. Hotuba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: mkasi mmoja, Alexandra, cherehani kichwani, na sasa wewe. Wakatoka, wamejaa, majoho meusi matupu, wanapigana picha. Akatokea na shemeji. Aliponiona akasimama. Kweli alikuwa mama yake mtupu, ila kimo.

"Papa," akasema.

Hotuba ikapotea yote. Nikatoa gauni kwenye mfuko, nikalishika mabegani kama alivyolishika yeye siku ile. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Hili nimeliwekea mgongo."

Alilitazama. Akanitazama mimi. Nilifikiri nimeharibu tena. Kisha mdomo ukaanza kumchezea upande mmoja.

"Una uhakika?" akasema, kwa Kiswahili.

"Unaweza kugeuka."

Hapo akacheka. Alicheka akashika magoti, kofia ya joho ikaanguka, wenzake wakageuka kutazama, na shemeji akasema, "Eish, nyinyi watu!" naye akaanza. Nilicheka. Sijui kicheko kilitokea wapi, kilikuwa kimekaa humu miaka mitatu. Kilinitoka na kitu kingine cha machoni ambacho kwenye hadhara nisingekitaja.

Alipopata pumzi akasema, "Umechelewa, Papa. Miaka mitatu."

"Fundi gani hachelewi?" nikasema. Ni mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu.

Alilichukua gauni, hakukaa. Wenzake walikuwa wanamngoja, wana sherehe yao, ni haki yao. Nilirudi La Rochelle peke yangu, nikapika, nikala, nikamsimulia mke wangu yote pale mezani, kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kunisikia. Nilimwambia, ule mzaha wako nimeuelewa. Nikaweka kijiko chini, kama mtu anayengoja mwenzake acheke. Friji ilinguruma.

Gauni alikuja nalo Jumapili ya pili. Kifuani sawa, mabegani sawa, kiunoni kubwa. Yeye ni mwembamba kuliko mama yake. Alilijaribu mbele ya kioo, akageuka kwa makusudi akinitazama, akaliacha nilipunguze. Akala. Akaongea Kiingereza, nami Kiswahili, tukaelewana. Akaenda na basi la jioni.

Kazi yenyewe ni mishono miwili. Ni nusu saa, na kwa mkono wangu dakika kumi. Limetundikwa pale ukutani zilipokuwa zile suti, mwaka huu unakwisha sasa, sijalitia sindano. Ananipigia simu ananiuliza, "Papa, gauni?" Nami, fundi ambaye hakuwahi kuchelewesha nguo ya mtu, namwambia, "Bado kidogo. Njoo Jumapili."